Aliyenishusha kutoka El Alto

Mhariri, wiki hii mmetuuliza sisi wasomaji: ukifika mji usioujua, ni heri uwe peke yako au na rafiki? Chai ilikuwa bado ya moto nilipoanza kuandika, na jibu nililokuwa nalo mdomoni lilikuwa moja: peke yako. Mkifika wawili, saa za kwanza zinaliwa na ubishi. Tulale wapi, tule nini, nani ana chenji. Mji wenyewe unapita pembeni hamjauona. Nimezunguka Amerika ya Kusini na rafiki yangu, mabegi mgongoni, kwa hiyo sisemi ya kusikia.

Nilipotafuta mfano wa kuwathibitishia, uliokuja ni wa La Paz, Bolivia, na huo haunisaidii hata kidogo.

Mimi ni wa Tanga. Mwenzangu ni wa Marangu, baba yake amekula ujana wake akiwa mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Tulikuwa tumetoka Arequipa, Peru, tukalala usiku mmoja tu Copacabana kwenye Ziwa Titicaca, kisha asubuhi ya Alhamisi tukapanda basi la La Paz. Pale Tiquina ziwa linabana: abiria mnashuka mnavuka kwa boti ndogo, na basi lenu linavushwa peke yake juu ya tishari la mbao, linayumba huku mnalitazama na mizigo yenu imo ndani. Mwenzangu hata hakulitazama. Kazi yake ilikuwa kunilazimisha kunywa maji.

Sasa, kabla ya La Paz kuna El Alto. La Paz imelala ndani ya bonde kama bakuli, kwenye mita 3,600 hivi, na El Alto imekaa juu ya ukingo wa hilo bakuli, zaidi ya mita 4,000. Wanaojua Kilimanjaro waweke hivi: kibanda cha Horombo, wanapolala wapanda mlima, kipo mita 3,720. Yaani watu wa La Paz wanapeleka watoto shule karibu na kimo cha Horombo, na wa El Alto wanaishi juu zaidi ya hapo.

Ndani ya basi nilikuwa nimesikia kwamba vyumba vya El Alto ni vya bei nafuu, nikang'ang'ania tushukie huko. Ilikuwa siku ya gulio, lile la 16 de Julio linalofanyika Alhamisi na Jumapili. Mitumba, vipuri vya magari, akina mama wenye sketi za marinda mazito na kofia nyeusi za duara zilizokaa utosini bila kuanguka. Ungeniambia soko la Karume la Dar limehamishiwa mlimani ningekubali. Nilifurahi sana. Mwenzangu akaniambia, "Shosti, tutembee, tushangae, lakini tushuke kabla ya usiku. Baba anasema panda juu, lala chini." Nikamjibu kwamba hapa si mlimani, hapa ni mjini, na chumba nimeshakilipia.

Magharibi hewa nyembamba ya kule juu ikanipata, kichwa kikaanza kugonga nyuma ya macho. Saa mbili usiku nilikuwa nimeinamia beseni, natapika maji matupu, nikilala kidogo nashtuka pumzi haitoshi. Mwenzangu hakuniuliza chochote. Alivaa begi lake mgongoni, langu akalivaa kifuani, akanishika mkono, tukaenda kupanda gari la kamba, kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya angani. Yale magari ya kamba ya La Paz, yaliyoanza mwaka 2014, ni usafiri wa kila siku wa wananchi, kama daladala kwetu. Nauli ilikuwa boliviano 3, pesa ya huko. Mstari mwekundu unashuka hadi stesheni ya zamani ya reli kwa dakika kama 10, ukipita juu ya makaburi.

Hapo ndipo penyewe. Ule mji niliotaka kuuona kwa macho yangu bila mtu wa kunisumbua, niliufikia nimelaza kichwa kwenye paja lake, macho nimefumba kwa sababu taa zilikuwa zinaniumiza. Aliyeuona ni yeye. Akawa ananisimulia taratibu: taa zimejaa bonde lote, zinapanda kuta za mlima pande zote, hujui nyumba zinaishia wapi nyota zinaanzia wapi. Mkono wake ulikuwa kwenye paji langu, baridi kabisa.

Chini tulipata chumba, tukaletewa glasi ya maji ya moto yenye majani ya koka yanayoelea, mazima mazima. Asubuhi nikala mkate. Sidai kwamba ni kushuka peke yake kulikoniponya, huenda na usingizi ulichangia. Ila watu wa milimani kanuni ile wanaifuata miaka yote, na mimi niliipuuza kwa ajili ya bei ya chumba.

Kwa hiyo, Mhariri, niandikeni upande wa rafiki. Lakini si rafiki yeyote; ninamsemea yule anayeweza kubeba begi lako bila kukuomba ruhusa. Na ninasemea saa za kufika tu. Kukaa ni jambo jingine, maana sisi wawili tulitengana Uyuni siku chache baadaye, yeye akaelekea Chile, kwa ugomvi wa pesa ya kile chumba cha El Alto ambacho hatukukilalia. Miezi mingi hatukusemezana. Siku hizi nikishuka usiku stendi ya Nyegezi, Mwanza, nimekwenda kikazi tu, ninamtumia ujumbe kwamba nimefika.