Uliza Safari: Siku nane na Noah kutoka Dodoma mpaka pwani, na mwalimu anayeenda kuendesha Marekani

Mbukwenyi wasomaji. Mwezi wa sita ndio huo unabisha hodi, shule zinafunga, na meseji zenu zote wiki hii zinauliza kitu kimoja, tutembee wapi na gari. Nimechukua nne, zingine subirini toleo lijalo, na yule aliyeuliza kama IST inapanda Kilimanjaro nadhani alikuwa anatania.

Shikamoo anko. Mimi na mume wangu tuko Nkuhungu, tuna watoto wanne na Noah yetu, kila likizo tunaishia Mpwapwa kwa bibi, sasa mwaka huu tumesema tutembee. Tuna siku nane. Tumepanga Moro, Udzungwa kwenye maporomoko, Dar, Bagamoyo, Saadani, Tanga, msitu wa Amani, Lushoto afu turudi. Dereva ni mume wangu peke yake. Itawezekana? Mama Wanne, Nkuhungu.

Marahaba mama. Kwenye karatasi inawezekana, barabarani mtagombana. Hebu tuhesabu, Dodoma mpaka Moro ni kama kilomita 260, hapo sawa, ila Udzungwa iko upande mwingine kabisa, unapita Mikumi unashuka Kidatu mpaka Mang'ula, kama kilomita 180 toka Moro na lazima urudi hizo hizo ndio uelekee pwani. Afu maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita 170 ndio, mazuri sana, ila kule ni kupanda mlima kwa miguu na yule wa mwisho wako utambeba mgongoni. Kwahiyo Udzungwa toa. Dar nayo toa, Dar utaenda siku yoyote na treni, kukaa foleni ya Kimara na watoto wanne wanaolia njaa siyo likizo hiyo. Bagamoyo na Saadani pia ziacheni, Saadani ni hifadhi ya taifa pekee nchini ya wanyamapori inayopakana na Bahari ya Hindi na inastahili safari yake peke yake, siyo kupitwa mbio.

Inabaki Moro, Tanga, Amani, Lushoto, na mimi nawaongezea Pangani. Hiyo ndio safari.

Siku ya kwanza msiondoke usiku. Najua watu wa Dodoma mnapenda kuondoka saa tisa usiku eti barabara nyeupe, siyo nyeupe, imejaa malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, na lingine limeharibika limewekewa matawi ya miti tu nyuma hakuna hata taa. Ondokeni kumi na mbili asubuhi, Chamwino, Mbande, Kibaigwa kwenye magunia ya mahindi, Gairo mnywe chai, na ile miteremko baada ya Gairo mwambie baba asishindane na mabasi. Kila kijiji kina kibao cha 50 na mbele ya kibao kuna trafiki na tochi, faini elfu 30 kila kosa, makosa matatu mmeshakula hela ya gesti. Kabla hamjatoka angalieni spea tairi ina upepo (hii watu hawaiangaliagi kabisa), jeki, pembetatu na mtungi wa kuzimia moto. Mchana mko Moro, laleni hapo, jioni watoto waione Uluguru inavyovaa mawingu.

Siku ya pili ni Moro, Chalinze, kata kushoto, Wami, Mkata, Segera, Tanga. Toka Chalinze mpaka Tanga ni kilomita 245 na lami ni nzuri. Pale Segera machungwa yanakuja yenyewe dirishani, vijana wanakimbia na nyavu mkononi, mmoja anakuonjesha kipande kwenye ncha ya kisu huku mwenzie ameshakuwekea nyavu nzima mapajani kwa mtoto na anakutajia bei, wewe cheka, taja nusu yake, mtaelewana. Kuna watu watawaambia mpitie Dumila, Turiani mkatokee Handeni ni karibu, ni karibu kweli kwenye ramani, ila mbele ya Turiani kuna vipande vya vumbi na Noah yenu iko chini.

Tanga kaeni siku ya tatu na ya nne. Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 tu nje ya mji, mawe ya chokaa, mnaingia na muongozaji mwenye tochi, popo kibao, watoto watapiga kelele. Kesho yake Pangani, njiani muwaonyeshe mkonge, zao lililoletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani anaitwa Hindorf na likajenga Tanga nzima. Pangani ni mji wa zamani, boma, mto unaingia baharini, pweza wa kukaanga jioni. Mjue tu kwamba pwani mwezi wa sita upepo wa kusi unavuma, bahari inachafuka, kwahiyo muulize wenyeji watoto waogelee wapi.

Siku ya tano Amani. Unaingilia Muheza, unapanda kama kilomita 35 hivi za vumbi, nyembamba na kona, kama kanyesha ulizeni pale Muheza kabla hamjapanda. Ila mkifika utanishukuru. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea pale mwaka 1902, wakapanda miti toka dunia nzima, mingine mpaka leo imesimama, mingine imekuwa kero, kuna mti unaitwa Maesopsis uliopandwa kwa nia njema ukaenda kuvamia msitu wa asili. Mwaka 1997 Amani ikawa hifadhi ya mazingira asilia ya kwanza nchini. Na lile ua la zambarau wazungu wanaloweka madirishani kwao asili yake ni misitu hii ya Usambara, lilipelekwa Ulaya miaka ya 1890 na bwana Saint Paul aliyekuwa mkuu wa wilaya wa Kijerumani hapo Tanga. Lakini kitu cha kufanya kweli ni kulala huko huko na kutembea usiku na muongozaji. Anamulika tochi kwenye majani, nyie hamuoni kitu, anasema angalia, bado hamuoni, mpaka anaweka kidole karibu ndio mnamuona kinyonga hafiki hata urefu wa kidole chenyewe, amejikunja kwenye ncha ya kijiti, amelala, rangi imempauka. Watoto watanyamaza wote wanne, na hiyo wewe mama unajua bei yake.

Siku ya sita rudini Segera, Korogwe, Mombo, pandeni Lushoto kilomita 33. Masweta! Mwezi wa sita Lushoto baridi inauma kuliko hii ya Dodoma mnayoilalamikia. Siku ya saba mshuke mlale Moro, msijaribu kuunganisha mpaka nyumbani, ni kilomita mia sita na kitu na dereva ni mmoja. Ya nane mko Nkuhungu mapema mnafua nguo. Mafuta piga lita moja kwa kilomita 9 hivi Noah ikiwa imejaa, na uongeze kidogo kwa zile kona za milimani.

Habari anko. Kaka yangu anaishi Oakland, Marekani, kanialika mwezi wa saba tuendeshe gari toka San Francisco mpaka Seattle kwa kufuata bahari, eti nitaona miti ambayo Afrika haipo. Anataka tupokezane usukani, mimi nina leseni ya Tanzania tu. Na nibebe nguo gani za joto? Mwalimu, Makulu.

Mwalimu anza na nguo, maana hapo ndio wengi wanaumbuka. Mwezi wa saba kule ni majira ya joto ndio, lakini siyo San Francisco. Mchana jijini inaweza isifike nyuzi 20, upepo unakata, ukungu unaingia toka baharini unameza daraja la Golden Gate lote inabaki minara tu. Sababu ni kwamba bahari upande ule ni ya baridi, na bara nyuma yake linaungua, joto la bara linauvuta ule ukungu ndani. Beba jaketi lile lile unalovaa Dodoma kwenye upepo wa mwezi wa saba, kaptula iwe moja.

Na huo ukungu usiutukane, ndio unaoilea miti anayokuambia kaka. Inaitwa redwood, inaota kwenye ukanda mwembamba wa pwani ya kaskazini mwa California, kiangazi mvua hakuna ila majani yanakunywa ukungu na mwingine unadondoka chini matone matone unalowesha mizizi. Mrefu kuliko yote umepita mita 115, umepewa jina Hyperion, uligunduliwa 2006, lakini msiende kuutafuta, watu walikanyaga mpaka mimea ya chini ikafa na mwaka 2022 hifadhi ikapafunga, ukikamatwa ni faini dola 5,000 na jela mpaka miezi sita. Mwambie kaka mtoke barabara kuu ya 101 muingie Avenue of the Giants, ni kama kilomita 50 za barabara ya zamani katikati ya miti yenyewe, mchana kweupe mnawasha taa. Simamisheni gari, zima injini, tembeeni. Miti ya zamani namna hiyo iliyobaki ni kama asilimia 5 tu ya iliyokuwepo, mingine karibu yote ilikatwa mbao. Na hilo la eti Afrika hakuna miti mirefu mjibu taratibu, mwaka 2016 watafiti walitangaza mti wa mita 81.5 kwenye korongo la Kilimanjaro, ndio mrefu kuliko yote Afrika. Haufiki wa kwao, ila asituchukulie poa.

Usukani sasa. California inamruhusu mgeni mtu mzima kuendesha na leseni halali ya kwao, ila beba na kibali cha kimataifa cha udereva maana mtapita majimbo matatu na kampuni za kukodisha magari zina masharti yao, na hakikisheni jina lako limeandikwa kwenye mkataba na bima, la sivyo ukigonga mtalia wote wawili. Kule wanapita kulia. Barabara iliyonyooka haisumbui, shida ni ukitoka kituo cha mafuta umechoka, mkono unakupeleka kushoto wenyewe. Taa nyekundu unaruhusiwa kukata kulia ukishasimama kabisa, isipokuwa kuna kibao cha kukataza. Basi la njano la shule likisimama na kuwasha taa nyekundu, simama. Lango la kulipia Golden Gate, ambalo ni kwa wanaoingia San Francisco tu, halina mtu wa kupokea hela, kamera inasoma namba ya gari na bili inakuja.

Oregon fukwe zote ni za umma, sheria ya 1967, hakuna hoteli ya kukufukuza. Kuingia majini sahau, yanagandisha miguu, na yale magogo makubwa mchangani usiyakalie kupiga picha, wimbi moja linayabeba na aliyekaa. Simameni Cannon Beach kuna jabali limesimama baharini mita 72, afu Astoria mvuke daraja la kama kilomita 6 na nusu, upande wa pili ni jimbo la Washington na Seattle siyo mbali.

Mi mwanafunzi UDOM sina gari wala mwenye gari, nataka kuona bahari wikiendi moja tu. Njia rahisi?

Treni ya SGR, tangu mwezi wa saba 2024 inafika Dodoma toka Dar, ondoka Ijumaa ukimaliza kipindi na kitambulisho chako usikisahau. Jumamosi nenda kituo cha Makumbusho hapo Dar panda gari za Bagamoyo. Kaole kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi, mjini kuna misheni ya 1868 ambako mwili wa Livingstone ulipitia 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Jioni kula samaki ufukweni, ila uliza bei kabla hajakaangwa.

Mwanangu ana miaka sita, anatapika kila tukipanda gari, nifanyeje? Baba Neema.

Asile chipsi na soda kabla ya safari, ndizi au mkate mkavu kidogo inatosha. Mkalishe siti ya katikati aone mbele, dirisha wazi kidogo, simu mnyang'anye hata akilia maana kuangalia katuni huku gari inakata kona ndio kutapika kwenyewe. Simameni kila saa moja na nusu hivi. Dawa muulize mfamasia akupe ya umri wake, usimkatie kidonge cha mtu mzima. Na mifuko ya kutapikia iweke mfuko wa mlangoni, siyo kwenye buti chini ya mabegi.