Shamba lililochoka: anza na maji, miche baadaye

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kwenye ekari 3 zilizomomonyoka, ukitaka chakula na pia ndege na wanyama wa asili warudi.

Usikimbilie kununua miche. Ingia shambani mvua ikinyesha, uone maji yanakopita. Hapo ndipo pa kuchimba makinga maji kwa kufuata kontua (mstari unaokata mteremko kwa usawa mmoja), na kuziba makorongo madogo kwa mawe.

Halafu zuia mifugo isiingie kwenye kipande kimoja, msimu mzima. Visiki ulivyodhani vimekufa vinaweza kuchipua, maana mara nyingi mizizi ingali hai chini. Kila kisiki kiachie machipukizi 3 hadi 5 yenye nguvu, mengine pogoa. Miti hiyo ni ya asili tayari, imeshazoea udongo huo, na hujailipia chochote. Katikati yake panda nafaka pamoja na kunde. Mabua yabaki shambani yawe matandazo.

Kingo za shamba ziache ziwe kichaka, nyuki na ndege wanaokula wadudu wapate makao. (Panya nao watakuja, sikufichi, ila bundi huwafuata.) Sumu za wadudu ziweke kando, la sivyo utawafukuza wageni uliowaalika mwenyewe. Na ukisifiwa mti wa kigeni unaokua haraka, uliza kwanza unavyosambaa.