Hesabu miguu kabla hujanunua dawa ya nyanya

Usinunue hiyo dawa ya saipamethrini kabla hujageuza jani na kuhesabu miguu. Umeandika kwamba nyanya zako za Hombolo, hapa Dodoma, zina majani yenye vidoa vyeupe vinavyogeuka manjano, kwamba chini ya jani wamo viumbe wadogo wekundu wanaotembea, na kwamba muuza pembejeo amekuhakikishia kuwa dawa hiyo "inamaliza wadudu wote". Kisha umeuliza kipimo kwa bomba la lita 16, saa ya kupuliza, na kama inafaa kuchanganywa na mbolea ya majani.

Kwa maelezo hayo, nashuku sana kwamba ulichonacho si mdudu hata kidogo, bali ni utitiri mwekundu. Mdudu ana mwili wa sehemu tatu, yaani kichwa, kifua na tumbo; miguu yake sita yote imeota kifuani, jozi moja kwa kila pingili, na mabawa, kama anayo, hutoka kifuani hapohapo. Kichwani ana vipapasio viwili. Utitiri mwekundu hana bawa wala kipapasio, mwili wake ni kidonge kimoja kisicho na kiuno, na aliyekomaa ana miguu minane, kwa kuwa ni jamaa ya buibui na kupe. Zingatia kwamba mtoto wake aliyeanguliwa karibuni ana miguu sita tu, ndiyo maana asiyejua humwita mdudu. Tafuta aliye mkubwa, na usiache kuangalia vipapasio.

Shamba letu la nyanya lilikwenda arijojo kwa ushauri huohuo uliopewa wewe. Tulipeleka dukani tawi zima lenye majani yaliyoathirika, na muuzaji, bila kuligeuza jani hata moja, alitoa chupa ya saipamethrini na kusema wadudu ni wadudu. Tulipuliza, na hali ikawa mbaya zaidi. Tuliporudi kulalamika akatuambia tuongeze kipimo. Hakuna aliyetueleza kwamba dawa za jamii hiyo humwacha utitiri mzima huku zikiwaua wanaomla, wakiwamo mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi na utitiri wengine wawindaji. Tulikuwa tunamlipia adui ulinzi. Kiangazi cha Dodoma, chenye joto na hewa kavu, kilimalizia kazi iliyobaki: majani yakawa na rangi ya shaba, ncha za mimea zikafungwa utando mwembamba, yakapukutika, na matunda yaliyobaki wazi yakaungua kwa jua kabla ya kuiva. Fedha ya mbegu, ya dizeli ya pampu na ya vibarua haikurudi. Mtu anayeuza sumu bila kuuliza kiumbe ana miguu mingapi anamwibia mkulima mchana kweupe, na inaniuma kuona kauli ileile bado inatolewa kwa watu wengine.

Chuma jani, ligonge juu ya karatasi nyeupe, kisha tazama vinavyotembea kwa lenzi ya mkono, kwa sababu utitiri aliyekomaa hafiki hata milimita moja. Ukikuta miguu minane, soma lebo na uchukue dawa ambayo imeandikwa waziwazi kuwa ni ya utitiri kwenye nyanya, kama zile zenye abamektini, na uelekeze mdomo wa bomba chini ya jani anakoishi. Salfa wanayotumia wakulima wa zabibu hapa kwetu nayo humpunguza, ila ukiipuliza kwenye jua kali itaunguza majani.

Ukikuta miguu sita pamoja na vipapasio, hapo ndipo unapotazama mdomo. Kiwavi ana taya za kutafuna, kwa hiyo huacha matundu. Miguu yake halisi ni ile sita ya kifuani, na ile minene ya tumboni ni vishikizo tu, usiihesabu. Vidukari na inzi weupe wana mrija wa kuchoma na kufyonza, kwa hiyo jani hujikunja au hunata bila kuwa na tundu, na dawa inayokaa juu ya jani ikisubiri kutafunwa haiwafikii. Hao huhitaji dawa inayowagusa wenyewe au inayoingia ndani ya mmea. Kidukari utamjua pia kwa vijibomba viwili vilivyochomoza nyuma ya tumbo lake.

Fanya hivyo leo jioni kabla duka halijakukamata kesho, kisha andika hapa umehesabu miguu mingapi na kama umeona vipapasio. Ukiweza, piga picha ya upande wa chini wa jani, si wa juu.