Kuingia sawa, je, kutoka?

SWALI: Shikamoo dada. Nashughulikia kompyuta za chama cha akina mama wauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Zamani kila mwanachama alikuwa na akaunti tatu: ya akiba, ya oda na ya bei za soko. Sasa tumeziunganisha, anaingia mara moja kwa neno la siri moja. Mwenyekiti anataka tugawe dodoso kwa wanachama wote 200 tuwaulize kama wameupenda mfumo. Hicho ni kipimo kweli?
Fundi, Kirumba

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Dodoso lisubiri. Ukimuuliza mama mtu mzima kama amependa kazi yako, atakusifu, kisha atamwita mjukuu amfungulie. Mpe kazi ya kufanya: “Mama, angalia akiba yako, halafu weka oda ya magunia mawili.” Mwombe aseme kwa sauti anachowaza, nawe unyamaze. Hapo ndipo mafundi wengi mnaposhindwa. Kidole cha mama kikisita kidogo tu, mmeshamnyang'anya simu.

Tena 200 wa nini? Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa mifumo kwa watumiaji, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo. Unarekebisha, unapima tena. Ila hao ni watano wanaofanana. Anayeuza kwa kisado na anayejaza lori hawafanani, kwa hiyo kila kundi lichukulie watu wake. Watafute siku za mbalamwezi, karabai za wavuvi zikiwa zimepumzika na mzigo umepungua. Siku za giza nani atakusikiliza?

Utakutana na woga. Mwaka 2011 watafiti wa Canada walipowachunguza watumiaji wa OpenID, mfumo wa kuingia tovuti nyingi kwa akaunti moja kama huu wenu, wengi wao waliamini, kimakosa, kwamba neno la siri linakabidhiwa kwa tovuti wanayoingia. Kwako atatokea mama aulize, “Kwa hiyo mtu wa oda anaiona akiba yangu?” Liandike neno kwa neno, na jibu lake liwepo pale pale kwenye ukurasa wa kuingilia.

Muda mwingi mimi ningeupeleka kwenye kutoka. Simu ya sokoni haina mwenyewe mmoja: asubuhi anayo mama, mchana binti yake, jioni kaazimwa jirani wa meza. Mara nyingi mifumo ya namna hii humtoa mtu kwenye sehemu moja tu, huku ule mlango mkuu, yaani akaunti moja inayofungua zote, ukiwa bado unamtambua. Mama anabonyeza “Toka” kwenye oda, jirani anagusa “Ingia”, na salio la mama hilo hapo, hakuna neno la siri lililoulizwa. Basi kazi ya mwisho iwe hii: “Toka, mpe mwenzako simu.” Mwenzake akiiona akiba, usizindue. Na mpimie pale pale mezani, juani, vidole vikiwa na vumbi la dagaa. Ofisini kwenu kila kitu kinafanya kazi.

Mwenyekiti aking'ang'ania dodoso, lipo la John Brooke la mwaka 1986 la kupima urahisi wa mfumo, kauli 10 tu. Walijaze baada ya kazi, si kabla.