Dakika 5 haziivishi tofi: soma hapa kabla hujamwaga sukari yako

Dada, usiwashe jiko bado.

Umesema Krismasi hii mnakusanyika kwa mama yako mkubwa Bunda, watu kama 40, na umepata mapishi rahisi ya tofi za vipande: unapanga biskuti za chumvi kwenye sinia, unachemsha siagi na sukari dakika 5, unamimina juu ya biskuti, unapaka chokoleti, unalaza kwenye friji, asubuhi unakata. Oveni huna. Ukauliza chokoleti ipi inafaa, karanga au korosho, uzifungeje zipendeze, na kama zinaweza kutengenezwa wiki moja kabla. Mimi nilipofika kwenye "dakika 5" moyo ulinipiga paa. Mapishi hayo nayajua neno kwa neno. Ndiyo yaliyonitoa machozi ukweni.

Ilikuwa Desemba 2022, mara yangu ya kwanza kwenda Sengerema nikiwa mke wa mtu. Mama mkwe nilikuwa nimemwona mara mbili tu, siku ya mahari na siku ya harusi, na wifi zangu watatu walishasikia kwamba mke wa kaka yao anaishi kwa kupika. Ni kweli. Nauza maandazi na vitumbua Nyakato, hapa Mwanza, tangu 2016, na nina wateja wanaonisubiri kabla hakujapambazuka, kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia mkono wangu ndio ulikuwa mzito. Nilitaka kupeleka kitu ambacho nyumba ile haijawahi kukila. Nikalipia darasa la mapishi la mtandaoni, shilingi 10,000, nikatumiwa ukurasa mmoja wenye picha nzuri sana. Ukurasa huohuo ulionao wewe.

Tarehe 23 jioni nikaanza. Nilizidisha vipimo mara 4, nikatia vyote kwenye sufuria moja kubwa, jiko la mkaa, simu pembeni inahesabu. Shira ikachemka, povu likapanda, harufu ikatoka mpaka jirani akaja kuuliza napika nini. Dakika 5 zikagonga, nikaipua. Nikamimina kwenye masinia 4 ya biskuti, nikapaka chokoleti juu. Ilikuwa na rangi ya chai iliyozidi maziwa. Leo nikiiona rangi hiyo najua ni tofi mbichi, lakini usiku ule niliiona imependeza.

Sasa sikiliza hapa, maana mtego wote uko hapa. Asubuhi ya tarehe 24 nilipotoa masinia kwenye friji, tofi ilikuwa ngumu kama Jiwe la Bismarck. Nilikata vipande 140 na ushee, vimenyooka, nikavipiga picha nikamtumia mume wangu kazini. Friji ilikuwa imenificha ukweli. Baridi inagandisha mafuta ya siagi na kukaza shira yoyote ile, hata ambayo haijaiva, kwa hiyo kinachotoka kwenye friji hakikuambii chochote kuhusu ulichofanya jikoni. Kila anayekwambia "ikiwa laini weka friji" anakuandalia aibu ya kesho mchana.

Nikapanga vipande kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, tukaondoka. Wakati huo daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado linajengwa, limekuja kufunguliwa Juni 2025. Tulishuka kwenye basi Kigongo tukakaa foleni ya kivuko zaidi ya saa mbili, jua la mchana, ndoo nimeipakata kama mtoto. Tulipofika katikati ya maji nikafungua kifuniko nionje kimoja. Hapakuwa na kimoja. Vipande vyote vilikuwa vimerudi kuwa kitu kimoja, biskuti zimelowa, mafuta yamejitenga yanaelea pembeni, chokoleti imezama.

Ningeitupa ziwani, lakini wifi mdogo alishawatangazia watoto tangu wiki iliyopita. Ndoo ikawekwa mezani siku ya Krismasi mbele ya watu wote. Ile gundi ingemshika sangara wa kilo 20 asichomoke. Mtoto mmoja ilimnasa kwenye nywele wakamkata kipande cha nywele siku ya sikukuu. Wifi mkubwa akauliza kwa sauti kama ni ya kupaka kwenye mkate. Mama mkwe hakusema neno. Aliagiza kijiko, akachota, akala, akachota tena, akaniambia, "Tamu, mwanangu." Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwenye migomba. Nilipoteza kama 60,000 kwa hesabu ya vitu tu, na wema ule wa mama mkwe ndio ulioniuma kuliko hizo hela.

Mwalimu nilimwandikia usiku uleule. Akasema labda moto wangu ulikuwa mdogo. Nikamuuliza, moto mdogo mtu anaupimaje? Kimya. Nikauliza tena mbele ya wanafunzi wenzangu, akanitoa kwenye kundi. Nilikuja kuelewa miezi kadhaa baadaye nilipokutana na mapishi yenyewe kama wanavyoyafanya Marekani, ambako hizi tofi za biskuti za chumvi ni kitu cha Krismasi cha miaka mingi. Wenzetu wanachemsha dakika 3 tu, kweli. Lakini wakishamimina juu ya biskuti, sinia zima linaingia kwenye oveni ya nyuzi 180 hivi, dakika 8 mpaka 10 nyingine, mpaka tofi itokote sinia nzima. Oveni ndiyo inayomalizia kuivisha. Mwalimu wetu alijua wengi hatuna oveni, akaifuta hatua hiyo ili mapishi yaonekane mepesi, akaongeza dakika 2 juu ya zile 3, akatuuzia. Alituuzia nusu ya mapishi, na sijui wanawake wangapi walibeba ndoo kama yangu siku ile. Nikimwona leo anaendelea kuyasambaza, na wewe umeyapata, hasira inanirudi upya.

Elewa kitu kimoja halafu hutahitaji mwalimu. Tofi ni sukari iliyofukuzwa maji. Siagi yenyewe ina maji, karibu asilimia 16, na yale unayotia ya kuyeyushia sukari yanaongezeka hapo. Maji yakiwa bado mengi shira inachemka, inatoa povu, inanukia, lakini joto lake halipandi, na ukiipoza inabaki ya kuvutika. Maji yakishakwisha ndipo joto linapanda mpaka pale inapokuwa ngumu ya kukatika. Vitabu vinasema nyuzi 146 mpaka 154. Huku kwetu hata hizo si zetu. Nilipotafuta kipimajoto cha jikoni nilikijaribu kwanza kwenye maji yanayochemka, kikasoma 96. Nikadhani ni kibovu, nikataka kukirudisha dukani. Kumbe kizima. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, na kadiri unavyopanda juu maji yanachemka kwa joto dogo zaidi. Vipimo vya shira navyo vinashuka vivyo hivyo, kwa hiyo punguza nyuzi 4 kwenye kila namba unayoisoma. Ukingoja 154 hapa Mwanza au huko Bunda unakaribia kuunguza.

Ila kipimajoto si lazima. Kinacholazimika ni bakuli la maji baridi. Ndiyo kanuni yangu moja, na nakuomba uishike hata ukisahau mengine yote: usimimine tofi kabla haijalia ndani ya maji.

Weka bakuli la maji ya baridi kabisa karibu na jiko. Shira ikishatokota dakika kadhaa, dondosha tone kwa mwiko. Mwanzoni linatawanyika. Baadaye linakusanyika kama donge la ugali laini, unalibonyeza kwa vidole. Pale ndipo mimi nilipoipulia, na ndipo dakika 5 zitakapokuacha na wewe. Endelea kukoroga. Baadaye tone linakuwa gumu lakini ukilikunja linakunjika kama mshumaa uliopata joto. Hapa wengi wanakata tamaa kwa sababu linaonekana tayari. Bado. Endelea. Halafu itafika tone ambalo likigusa maji linatoa mlio mdogo, ukilitoa na kulikunja linakatika kach, na ukilitafuna halinati kwenye jino. Hapo, na si dakika moja kabla. Rangi itakuwa ya karanga iliyokaangwa vizuri. Mwishoni inakimbia, kwa hiyo kila unapojaribu tone ipua sufuria kwanza, la sivyo itaungua ukiwa unachezea maji.

Usiniulize ni dakika ngapi. Kwenye mkaa wangu, pishi la sinia moja linanichukua kati ya dakika 12 na 20, na siku upepo wa ziwa unapovuma zaidi ya hapo. Na upike sinia moja moja. Nilizidisha mara 4 kwenye sufuria moja nikabaki na dakika zilezile 5, yaani maji mara 4 na muda uleule.

Siagi. Hili nalo liliniumiza. Sisi huku neno siagi tunaliita hata kile cha kopo cha kupaka mkate, na mimi ndicho nilichonunua, kilo nzima. Ile ni majarini, na nyingi za kupaka zina mafuta pungufu na maji mengi kuliko siagi ya maziwa. Yale mafuta niliyoyaona yanaelea kwenye kivuko yalitoka huko. Soma maandishi ya nyuma: kama haikuandikwa imetengenezwa kwa maziwa, na mafuta hayafiki asilimia 80, iache dukani. Najua siagi ya kweli ni ghali. Bora sinia 2 za siagi kuliko 4 za majarini, na watu 40 wakate vipande vidogo. Kwa sinia moja mimi natia siagi gramu 250, sukari kikombe kimoja kilichojaa, maji vijiko 2 vya chakula na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Sukari ya kawaida ya Kagera inatosha kabisa, ile rangi yake ya kahawia hafifu inasaidia ladha.

Yeyusha siagi na sukari kwa moto mdogo mpaka chembe za sukari ziishe, ndipo upandishe moto wa kati. Ukiwasha mkubwa ghafla siagi inajitenga na sukari. Ikitokea, ipua, tia kijiko kimoja cha maji ya moto, koroga bila kuacha mpaka vishikane, urudishe jikoni uanze tena kusubiri mlio. Na watoto wawe nje. Sukari ya joto hilo ikigusa ngozi haidondoki kama maji, inang'ang'ania na kuendelea kuunguza. Mimi nafunga mlango kabisa.

Ukishamimina, tandaza haraka, na ikiwa bado ya uvuguvugu piga mistari ya kukatia kwa kisu ulichopaka siagi, maana ikishakuwa tofi ya kweli haikatiki kwa kunyooka, inavunjika. Iache ipoe mezani. Friji usiiguse. Ikipoa mezani ikawa ngumu, imeiva. Ikipoa mezani ikabaki laini, rudisha kwenye sufuria hata kama ni saa sita ya usiku, ila biskuti utazipoteza. Na ikishapoa tu iingie kwenye kopo lisilopitisha hewa usiku huohuo, karatasi kati ya tabaka na tabaka. Desemba huku ni mvua za vuli na unyevu wa ziwa, na sukari inanyonya unyevu wa hewa. Tofi nzuri niliyoisahau mezani Kirumba kwa dada yangu ilikuwa inanata kesho yake mchana.

Krismasi ya 2023 nilirudi Sengerema na kopo moja la bati. Wifi mkubwa aliuma kipande, kikalia kach sebule nzima ikasikia. Hakusema kitu, akachukua cha pili.

Basi leo jioni usinunue chokoleti wala usipange biskuti. Chukua sukari robo kikombe na siagi kiasi kinachokaribia hicho kwa uzito, pika kidogo tu, jaribu tone kila baada ya dakika 2, halafu uje uandike hapa lilikatika baada ya muda gani kwenye jiko lako. Nitakuwa macho mpaka saa tano.