Usiisawazishe, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema Jumamosi ulichezesha mechi ya watoto wa chini ya miaka 12, ukatoa penalti kwa kosa la kunawa, ikafungwa. Ulipofika mapumziko, picha ikiwa bado inajirudia kichwani, ukatambua kwamba haikuwa penalti. Beki alikuwa ameubana mkono kifuani na mpira ulimpiga kutoka hatua mbili tu. Mtoto akalia, na kocha wake akakupigia kelele mpaka mwisho. Kipindi cha pili chote ulikimbia na swali moja, na sasa umeniletea mimi: je, ungetafuta nafasi ya kuwarudishia na wao penalti yao?

Hapana, mwanangu. Hata ingetokea nafasi nzuri kiasi gani, hapana. Nakujibu hivyo kwa sababu mimi niliwahi kuwarudishia, na sijawahi kukusimulia.

Wakati ule ulikuwa mdogo, unanisubiri kando ya mstari na chupa ya maji. Nilikuwa nachezesha watoto wa miaka kumi na moja, peke yangu, bila washika vibendera, kama ilivyo mechi nyingi za watoto. Kipindi cha kwanza nikakataa goli halali. Macho yangu yalikuwa kwa mabeki, nikamwona mshambuliaji yuko peke yake nyuma yao, nikapuliza kuotea. Kumbe mpira ulikuwa umetoka mikononi mwa mrushaji. Nawe unajua kwamba mpira wa kurusha hauna kuotea, kama vile kona na goli kiki. Nilikumbuka wakati mchezo umeshaendelea, na moyo ukaniuma kama unavyokuuma wewe sasa.

Kipindi cha pili timu ile ilikuwa nyuma kwa bao moja. Mtoto wao mmoja akaingia na mpira eneo la penalti, akajikwaa mguu wake mwenyewe, akaanguka. Beki wa karibu hakumgusa. Nikapuliza. Sikuwa nimeona kosa lolote, nilikuwa nimeona nafasi ya kujitua mzigo.

Mpigaji alikuwa mtoto mwembamba, soksi moja imeshuka. Akauweka mpira kwenye alama, akauzungusha mpaka ukakaa anavyotaka, kisha badala ya kurudi nyuma akanisogelea. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Refa, hii ni ya lile goli?"

Nilimwambia asubiri filimbi. Akapiga, akafunga, na hakushangilia. Kipa akaenda kuutoa mpira wavuni, akasimama nao mkononi akinitazama. Kipa yule hakuwa na deni lolote kwangu. Kosa la kipindi cha kwanza nililifanya mimi, lakini nililipa kwa mfuko wake.

Na bado hayakuishia hapo. Katika dakika kumi zilizofuata watoto walianguka eneo la penalti mara nne, wa timu zote mbili, mikono juu, macho kwangu. Walikuwa wameshajifunza kwamba refa huyu analipa. Sikuwa na namna ya kuwaambia kwamba penalti ile ilikuwa ya mara moja tu. Kila nilipoacha mchezo uendelee nilikuwa namnyima mtu kitu nilichompa mwenzake.

Kwa hiyo ulipoandika kwamba "hukupata nafasi" ya kusawazisha, nilishukuru Mungu.

Sasa, upande wa sheria. Katika zile sheria 17, ya 5 inakuruhusu kubadili uamuzi ukigundua umekosea, mradi mchezo haujaanza tena na hujamaliza kipindi ukatoka uwanjani. Yaani ungegundua mpira ukiwa bado kwenye alama, ungefuta penalti, ukaudondosha mpira kwa kipa, na mchezo ukaendelea. Kelele zingekuwepo, ungezivumilia. Lakini penalti ikishapigwa, goli ni goli. Wala usilione hilo kuwa ukatili. Refa angeruhusiwa kurudi nyuma, hakuna mtoto angejua wanacheza wakiwa na ngapi kwa ngapi, na kila kocha angetumia mapumziko kukushawishi.

Nataka tuzungumzie ulikosea vipi, kwani hilo ndilo unaloweza kulirekebisha. Umeandika kwamba ulikuwa "nyuma ya mchezo, nikimwona beki mgongo". Hapo ndipo penalti ilipotoka. Ukimwona mchezaji mgongo, huwezi kujua mkono wake umebanwa au umetanuka. Unaona mwili umeshtuka, unasikia mlio wa mpira kwenye ngozi, na akili inajaza mengine. Lazima uwe pembeni, mahali unapoona upenyo kati ya mpira na mwili. Kwenye uwanja mdogo wa watoto hatua tatu au nne kushoto au kulia zinatosha. Watoto wakianza kujazana mbele ya goli, usikimbie ukiwafuata kwa mstari ulionyooka, toka nje kidogo ili uone ubavuni.

Na lingine, ambalo hukuliandika ila nalihisi. Wazazi walipiga kelele "Mkono! Mkono!" kabla hujapuliza, sivyo? Jiulize kama ulipuliza ulichokiona au ulichokisikia. Si kila mpira unaogusa mkono ni kunawa. Tazama kama mtoto ameupeleka mkono kwenye mpira, au ameutanua mwili wake kwa namna ambayo mwendo wake wenyewe haukuihitaji. Mkono uliobanwa kifuani haumo katika hayo mawili. Watoto wengi wa umri huo bado wanauogopa mpira, wanajikunja na kujikumbatia ukija kwa kasi, na kujikunja huko hakumfanyi mtu kuwa mkubwa zaidi.

Filimbi yako ikae mkononi. Ikiwa mdomoni, pumzi inatoka kabla ya fikra. Safari ile ya kuitoa mkononi mpaka mdomoni ni kama sekunde moja, na katika sekunde hiyo nimeokoa maamuzi mengi kuliko ninavyoweza kuyahesabu.

Kuhusu yule mtoto aliyelia. Umeuliza kama ungemwambia umekosea. Mimi ningemwambia. Ningengoja mpira utoke, au mechi iishe, nikapita karibu yake na kusema, "Mkono wako ulikuwa sawa. Nimekosea mimi." Kwa sauti ya kumfikia yeye tu, kisha naendelea na kazi. Kuna waamuzi wazoefu watakaokukataza, watasema ukikiri mara moja utapandwa kichwani. Kwa kocha anayebishana nakubaliana nao, maana yeye ungemwongezea silaha tu. Lakini beki wa miaka kumi na moja ameenda nyumbani akiamini mkono wake umeiangusha timu. Anastahili kujua si hivyo, na wewe pekee ndiye unayeweza kumwambia akaamini.

Tena pale alipolia ungeweza kusimamisha mambo kidogo na kumwita kocha amtazame. Sheria zinaruhusu mashindano ya vijana kumrudisha uwanjani mchezaji aliyebadilishwa, kama zinavyoruhusu kufupisha muda na kupunguza uwanja na mpira. Kama mashindano yenu yamekubali utaratibu huo, mtoto angepumzika dakika tano, akanywa maji, akarudi. Kocha hakuliona hilo kwa kuwa alikuwa na wewe.

Basi tufike kwa kocha. Ulimwacha aendelee kwa sababu ulijua ana haki, penalti haikuwa penalti. Nakuelewa kabisa, ila hapo ulichanganya mambo mawili. Kuhusu mkono alikuwa sahihi. Kuhusu kukutukana mbele ya watoto hakuwa sahihi hata kidogo, na kosa lako halikumpa ruhusa. Tangu 2019 sheria zinakuruhusu kumwonyesha kocha kadi, ya njano na hata nyekundu. Kwanza nenda mpaka kwenye benchi lake, kwa mwendo wa kawaida, mchezo ukiwa umesimama. Mwambie umemsikia na inatosha. Akirudia, njano. Akiendelea, atoke. Usimpe kadi kwa kuwa amekuumiza, mpe kwa kuwa watoto kumi na kitu wanajifunza kutoka kwake namna ya kusema na mtu aliyekosea.

Wazazi walio kando ya mstari hawana kadi. Usibishane nao, wala usiwageuzie uso kila wanapopiga kelele. Matusi yakizidi, simamisha mchezo na umtume kocha akaongee na watu wake. Yasipokoma, sheria ile ile ya 5 inakuruhusu kuusitisha kwa muda, na hata kuuvunja. Mimi nimewahi kusitisha mara mbili, sijawahi kuvunja. Mara zote mbili uwanja ulikaa kimya kwa muda, na watoto wakawa wanawatazama wazazi wao kwa aibu kubwa sana.

Umemalizia kwa kusema labda kazi hii si yako. Sitakulazimisha. Ila soma tena barua yako mwenyewe. Kurasa mbili nzima, na matokeo ya mechi hukuyataja hata mara moja. Umemtaja mtoto aliyelia mara tano. Ningependa sana mechi za watoto zichezeshwe na mtu wa namna hiyo, mradi ajifunze kusimama pembeni.

Jumamosi ijayo fika mapema. Uzungukie uwanja, uvute nyavu, uyatikise magoli uone kama yametiwa nanga vizuri, ukague soksi na vilinda ugoko, uwaombe wenye hereni wazivue. Ukianza na kazi hizo mwili unatulia. Ukikuta ile timu ipo, msalimie beki wako kwa jina kama unalikumbuka, kisha umchezeshe kama wenzake wote. Akinawa kweli, pulizia.

Jioni nipigie simu. Nitataka kujua kwanza ulisimama wapi.

Mama yako