Maswali ya Wasomaji: Kioo cha Kueditia Picha

Napiga picha za harusi na komunio na kuediti kwenye laptopu. Kwenye kioo picha inapendeza, nikipeleka kusafisha inarudi na nyuso zimekuwa nyeusi. Mwenye mashine anasema mashine yake haina tatizo. Nimeonyeshwa monita ya inchi 32, ya 4K, iliyopinda, ya kuchezea gemu. Je, ndiyo dawa?
*Msomaji, Kaloleni, Arusha*

Usiilipie bado, ndugu yetu. Dalili unazozieleza ni za kioo kinachowaka kupita kiasi, na monita mpya itakuletea yaleyale, kwa sababu nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mwanga wa kuvutia mteja dukani, kandela (kipimo cha mwanga) 250 hadi 350 kwa mita ya mraba. Karatasi haina taa ndani yake. Kwa picha ya kusafishwa, kioo kinatakiwa kiwake kati ya kandela 80 na 120. Ukiediti kwenye 300, uso wa bibi harusi unauona umepata mwanga wa kutosha kumbe uko gizani, unauacha hivyohivyo, na karatasi inakuumbua.

Kipimo unacho tayari, ni kamera yako. Fungua ukurasa mweupe mtupu ujae kioo kizima. Weka kamera kwenye M, ISO 100, f/4, upimaji wa nukta ya katikati. Sogea mpaka weupe ujaze fremu, na fokasi uivuruge makusudi ili lenzi isishike vidoti vya kioo. Badilisha spidi mpaka mshale wa mita ukae kwenye sifuri. Ukipata 1/50, kioo kiko karibu na kandela 100. Spidi ya 1/40 ni kama 80, na 1/60 ni kama 120. Ukikuta 1/160 uko juu ya 300, na hapo mchawi umemshika. Punguza mwanga wa kioo, pima tena, halafu chukua picha ya zamani iliyosafishwa vizuri uilinganishe na faili lake. Si kipimo cha maabara, lakini kwa kosa la ukubwa huu kinatosha kabisa.

Pima pazia likiwa limefungwa, na uediti hivyohivyo. Dirisha likiwa mgongoni kwako, mwanga wa saa sita unarudi usoni kwa kioo na kabla hujajua umeshapandisha mwanga tena. Kaa dirisha liwe ubavuni. Ukuta wa nyuma ya kioo kama umepakwa pinki au bluu bahari, na studio zetu zinapenda sana rangi hizo, pakeni kijivu kisichokolea. Jicho linazoea rangi ya ukuta, kisha linakudanganya kwenye rangi ya ngozi.

Sasa monita. Laptopu nyingi za bei ya chini zina kioo kinachoandikwa 45% NTSC (kipimo cha zamani cha rangi za televisheni), yaani kinaonyesha takriban theluthi mbili tu ya rangi za sRGB, kile kiwango cha kawaida cha rangi za kompyuta na simu. Wekundu wa kitenge na wekundu wa ngozi vinabanwa mahali pamoja, kwa hiyo monita ya nje unaihitaji kweli. Tafuta paneli ya IPS, aina ya kioo ambayo rangi zake hazibadiliki sana ukiitazama kwa pembe, inayofikisha sRGB yote, au karibu yote. Muuzaji akikutajia 72% NTSC, ni karibu kitu hichohicho. Inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1200 inatosha kazi ya harusi. Ukitaka 27, iwe na 2560 kwa 1440. Inchi 27 yenye 1920 kwa 1080 iache hata ukipunguziwa bei: ina pikseli kama 82 tu kwa inchi, picha inaonekana haina makali, unaongeza makali kwenye programu, na kwenye karatasi kope zinatoka kama zimechorwa kwa kalamu.

Ile iliyopinda hatuipendi kwa kazi yako. Nyingi za aina hiyo ni paneli za VA, ambazo sehemu za giza hubadilika ukizitazama kwa pembe, na suti nyeusi ya bwana harusi ndiyo sehemu ya giza yenyewe. Na monita za gemu zikijisifia Hertz 144, yaani kioo kubadili picha mara 144 kwa sekunde, unalipia wepesi ambao picha iliyosimama haina kazi nao.

Hela ikibaki, wenye studio watatu au wanne changeni mnunue kifaa kimoja cha kupimia rangi, kama Calibrite au Spyder. Monita iwake nusu saa kwanza, kisha kwenye programu ya kifaa weka nyeupe D65 (nyeupe ya mwanga wa mchana), gama 2.2 (mpando wa mwanga kutoka giza hadi nyeupe) na mwanga kandela 100. Rudia kila mwezi. Kifaa kinatumika dakika chache tu kwa monita moja, hakuna sababu ya kila mtu kuwa na chake.

Mwanangu amefungua studio ndogo na anataka monita ya mtumba. Mtoa hela ni mimi. Nikague nini nisiuziwe mbuzi kwenye gunia?
*Mama msomaji, Majengo, Moshi*

Shikamoo mama. Mwambie kijana aweke kwenye flashi kurasa tupu za nyeupe, nyeusi, kijivu cha katikati, nyekundu, kijani na bluu. Nendeni na kanga. Mwombeni muuzaji aiwashe na aiache iwake dakika 20, kwa sababu monita iliyochoka hubadilika ikipata joto.

Anzeni na kijivu. Kijana asimame, kisha achuchumae huku anakitazama. Kijivu kikigeuka giza akiwa chini na kufifia akiwa juu, hiyo ni TN, aina ya kioo isiyofaa kuediti, hata kama kibandiko kinasema vingine. Ya IPS itabaki karibu vilevile. Hapohapo angalieni ukingo wa chini: monita zilizokaa mapokezi au kaunta kwa miaka hubaki na kivuli cha ule mstari wa programu. Kikionekana, muiache.

Ikija nyeusi, jifunikeni kanga pamoja na kioo. Mwanga kidogo kwenye kona ni kawaida ya IPS, lakini doa jeupe katikati ni alama ya kioo kilichobonyezwa safarini. Kwenye nyeupe tafuteni umanjano upande mmoja. Kwenye zile rangi tatu tafuteni nukta iliyokufa: moja pembeni inavumilika na ni sababu nzuri ya kushusha bei, katikati hapana.

Kisha geuzeni nyuma msome lebo. Ina modeli, mara nyingi na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Zile za zamani zinazotumia taa za mrija badala ya LED hufifia na kuwa za manjano kadiri zinavyozeeka. Dell U2412M na HP Z24i ni mifano ya monita za ofisini zenye IPS na pikseli 1920 kwa 1200. Daini na waya wa DisplayPort au HDMI. Ule wa VGA wenye skrubu mbili pembeni hutia ukungu kwenye picha, na wauzaji huupenda kwa sababu wamejaa nao.

Ninaongoza watalii. Nyasi za Tarangire kwenye monita yangu zinawaka kama dhahabu, mteja akifungua kwenye simu zimepauka.
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Unatoa faili kwenye AdobeRGB, kiwango cha rangi kipana kuliko sRGB. Programu isiyosoma wasifu wa rangi, yaani maelezo ndani ya faili ya jinsi ya kusoma rangi zake, inazichukua namba hizo kama ni za sRGB, na rangi zinapooza. Unapotoa JPEG, chagua kubadilisha kwenda sRGB na uambatishe wasifu. Usibandike tu jina la sRGB juu ya faili la AdobeRGB, upaukaji utabaki palepale.

Nimeunganisha monita kwa HDMI, nyeusi inaonekana kijivu. Ni mbovu?
*Msomaji, Pasua, Moshi*

Huenda ni nzima. Kompyuta imeidhania televisheni, inatuma ngazi 16 hadi 235 badala ya 0 hadi 255. Fungua mipangilio ya kadi ya picha, kwenye Limited weka Full. Menyu ya monita ikiwa na chaguo kama hilo, nalo lilingane.